Shajara ya mradi: taya la chini, jino la chonge na kanuni ya saa 48

Septemba 29

Leo nimekabidhiwa jalada. Kanuni ya kukusanya sampuli (mataya, meno na mizoga tunayopimia umri na uzazi wa wanyama) kutoka kwa wategaji wa wanyama wa manyoya inaandikwa upya, na kabla haijafika mezani kwa wakubwa inatakiwa ijaribiwe msimu mmoja na wategaji wenyewe. Mimi ndiye wa katikati: naenda kwao, narudi ofisini, naandika. Niko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Jimbo silitaji, maana rasimu haijatoka na sitaki kumponza mtu.

Kwa msomaji wa nyumbani, neno mtego huleta picha ya jangili na waya uliofichwa kwenye njia ya swala. Huku kutega ni kazi ya leseni, ina mafunzo, ina msimu wenye tarehe ya kufungua na kufunga, na baadhi ya ngozi haziuzwi mpaka afisa wanyamapori azifunge lebo yenye namba. Kuna wanaoipinga kazi hii kabisa, na wana hoja zao. Jalada langu halihusu mjadala huo, linahusu kile kinachobaki ngozi ikishachunwa.

Wanyama wangu ni watatu. Bobkati ni paka mwitu wa mkia mfupi; ukimwona masikio unaweza kumdhania mdogo wake simbamangu. Fisimaji mnamjua. Wa tatu Waingereza wamempa jina linalomaanisha mvuvi, ingawa samaki hana habari naye. Nitamwita pekani, kama wanavyomwita Wakanada wa Kifaransa. Ni wa ukoo mmoja na kicheche, fisimaji na nyegere, na ukali wake unathibitisha nasaba hiyo: huwinda nungunungu, akimzunguka na kumng'ata usoni kusiko na miiba mpaka achoke.

Oktoba 1

Nimesoma rasimu mara tatu. Kifungu cha kwanza: "Mtegaji atawasilisha fuvu la bobkati au sehemu yake." Sehemu ipi? Kwa maneno hayo hata kipande cha mfupa wa pua kinatosha. Aliyeandika hakuwahi kushika kisu cha kuchunia. Nami pia sijawahi, kwa hiyo nisimcheke sana.

Oktoba 4

Mkutano wa kwanza, ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Birika kubwa la kahawa, donati, viti vya kukunja. Wamekuja kama ishirini, wengi wana mvi, wanawake wawili. Nilitegemea kelele, nikapata ukimya, na ukimya ulikuwa mbaya zaidi.

Nikaanza na historia, nikidhani nawafundisha. Nikawaambia kwamba wategaji walilisha sayansi zamani sana: mwanzoni mwa miaka ya 1940 mwanaikolojia Mwingereza Charles Elton na mwenzake walichukua madaftari ya manyoya ya Kampuni ya Hudson's Bay, iliyonunua ngozi huko Kanada, na kuonyesha kwamba paka wa theluji wa Kanada huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa karibu miaka 10, pamoja na sungura wanaomlisha. Mzee mmoja wa nyuma, ambaye humu nitamwita Mzee wa Bwawani, akasema: "Na madaftari hayo yalikuwa ya kampuni, siyo ya serikali. Walilipwa kwa kila ngozi. Wewe unalipa nini?"

Ukumbi ukacheka. Mimi pia. Sikuwa na jibu.

Baada ya hapo wakafunguka. Lawama zenyewe, jinsi zilivyotoka:

Saa 48. Kanuni ya sasa inafanana na ya jimbo jirani la Vermont: msimu ukifungwa, una saa 48 kupeleka ngozi zikafungwe lebo, na mzoga unaukabidhi papo hapo. Maafisa ni wachache na kila mmoja ana eneo kubwa. Mtu anapiga simu, simu inaita, theluji inaanguka, saa zinakwenda.

Mahali. Fomu mpya inataka nukta ya jipiesi (GPS), yaani mahali hasa pa kila mtego. Hapo ndipo sauti zilipanda. Mtegaji hakuambii anapotega, kama vile mvuvi wa Tanga asivyokuambia mwamba wake wa changu. Wanaogopa wenzao, na wanaogopa karatasi hiyo itaangukia mikononi mwa watu wanaotegua mitego usiku.

Na kubwa kuliko zote, ambayo Mzee wa Bwawani aliisema akiwa amesimama, kofia mkononi: "Miaka kumi na tano nawapa vichwa. Hakuna aliyewahi kuniambia walikuwa na umri gani."

Nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye daftari.

Oktoba 9

Nimemuuliza mkuu wangu kama ni kweli hatujawahi kurudisha majibu. Ni kweli. Umri unaingia kwenye jedwali, jedwali linaingia kwenye ripoti, ripoti inakaa. Hakuna ubaya uliokusudiwa. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu angetaka kujua.

Oktoba 18

Kwa Mzee wa Bwawani, banda la nyuma ya nyumba. Ana bobkati aliyegongwa na gari, afisa kamruhusu kumtumia kwa mafunzo. Amenionyesha uchunaji. Huku bobkati hapasuliwi tumboni: unakata kutoka mguu wa nyuma mmoja hadi mwingine, kisha ngozi unaivuta kuelekea kichwani kama unavua soksi. Nilimwambia hivi ndivyo mbuzi anavyochunwa kwetu ngozi ikitakiwa kuwa kiriba. Alinyamaza kidogo, akauliza kiriba kinashika lita ngapi.

Ngozi ikishatoka inawambwa kwenye ubao uliochongoka, manyoya ndani kwanza, kisha inageuzwa. Kilichobaki mezani ni mzoga mwekundu, mwembamba kuliko nilivyotarajia, na kichwa chenye meno yanayocheka.

Nikaleta koleo. Kifungu kingine cha rasimu kinasema mtegaji ang'oe chonge moja ya chini. Nikashika, nikavuta, nikazungusha. Ikakatika kama chaki. Sehemu ya jino unayoiona ni ndogo. Mzizi umejikita ndani ya taya, umepinda, na ni mrefu kuliko unavyodhani. Tunachokitaka sisi kiko kwenye mzizi huo, hasa ncha yake.

Mzee akachukua kisu. Akakata msuli wa shavu pande zote mbili, pale kwenye kona ya taya ambapo kwa mtu ungesema ni chini ya sikio. Akaweka kidole gumba ndani ya mdomo, akasukuma taya chini, likalia tko, akakata kano la mwisho. Taya zima la chini mkononi, meno yote yamesimama. Nimeangalia saa: haikufika dakika mbili.

"Andika hivyo," akasema.

Nimeandika hivyo. Kifungu cha kwanza sasa: "taya zima la chini, lisilovunjika, meno yote yakiwemo." Maneno machache tu, na yametoka kwake.

Oktoba 21

Kwa nini jino. Naandika hapa kwa ajili ya karatasi ya maelezo, maana nataka niieleze kwa lugha ya mtu.

Mzizi wa jino la mnyama umepakwa tabaka gumu linaloitwa simentamu, na tabaka hilo linaendelea kuongezeka maisha yote. Majira ya baridi, ukuaji ukipungua, hubaki mstari mweusi. Mwaka mmoja, mstari mmoja, kama pete za mti. Maabara huliloweka jino kwenye asidi mpaka lilainike, hulikata vipande vyembamba kupita karatasi, huvipaka rangi na kuhesabu mistari kwa darubini. Aliyezaliwa mwaka huohuo hahitaji hata darubini: ncha ya mzizi wa chonge yake bado iko wazi kama bomba.

Ndiyo maana hatutaki taya lililochemshwa sana wala lililolowekwa kwenye dawa ya kung'arisha. Na ndiyo maana jino likikauka tunaliweka kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye plastiki linaota ukungu.

Kwa pekani tunataka mzoga mzima, kwa sababu ya majike. Jike la pekani huzaa mwanzo wa machipuko na kupandwa tena siku chache baada ya kuzaa, halafu mimba inasimama. Viini vinaelea ndani ya mji wa mimba bila kushika karibu mwaka mzima. Kwa hiyo jike aliyekamatwa Desemba amebeba mimba ambayo haijaanza, na ukifungua ovari zake utaona alama za mayai aliyotoa. Hilo hakuna fomu inayoweza kukuambia.

Novemba 2

Mkutano wa pili, safari hii watu wanane tu, lakini ndio wale wanaokamata wengi.

Tumezungumza hiari dhidi ya lazima. Mama mmoja, mtegaji tangu utotoni, ndiye aliyetoa hoja bora ya kanuni kuliko mtu yeyote wa ofisini. Akasema: mkiacha iwe hiari, mtaletewa madume makubwa tu, maana kila mtu anataka kuonekana, wadogo wataishia kwa mbwa. Mtaamini msitu umejaa wazee.

Sawasawa. Tunachotafuta ni uwiano wa watoto wa mwaka kwa majike wazima. Madume hutembea sana, huingia mitegoni kwa wingi, na hayo peke yake hayatishi. Majike wazima wakianza kuongezeka kwenye ndoo na watoto kupungua, hapo unakaa chini ufikiri. Hata hivyo uwiano huo hudanganya: unaweza kushuka kwa sababu uzazi umekuwa mbovu, au kwa sababu mitego imefika mahali ambapo haikufika kabla. Ndiyo sababu tunaomba pia hesabu ya usiku wa mitego, yaani mitego mingapi kwa usiku ngapi. Wanane hao hawakuwa na shida nayo. Wengi wanaiandika tayari, kwenye kalenda za duka la vyakula vya mifugo.

Jipiesi imeondoka. Tumekubaliana jina la mji mdogo uliotega, basi. Mwenzangu wa takwimu hakufurahi. Mimi naona jina la kweli la mji lina thamani kuliko nukta ya uongo.

Novemba 5

Mzee wa Bwawani kauliza kama kwetu tuna mambo haya. Nikamwambia Tanzania simba dume anayewindwa na mgeni anatakiwa awe na miaka 6 au zaidi, na fuvu na meno hukaguliwa baadaye kuona kama mwindaji alisema kweli. "Kwa hiyo ninyi mnauliza umri *kabla*," akasema. Ndiyo. "Simba anakubali kuulizwa?" Wanamtazama pua na manyoya ya shingo, nikasema, pua huzidi weusi kadiri anavyozeeka. Akaenda kumtazama paka wake wa nyumbani pua.

Halafu nikamsimulia kitu ambacho sikuwa nimekiunganisha mimi mwenyewe mpaka nilipokuwa nakisema. Ngozi za chui zilikuwa fasheni ya mabibi wa Ulaya na Marekani miaka ya 1960. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipoanza kazi 1975, chui akawekwa kwenye orodha ya juu kabisa, biashara ikafungwa. Soko likageukia paka wengine wenye madoa, bei ya bobkati ikapanda, na 1977 bobkati naye akaingia orodha ya pili. Ndipo lebo ilipozaliwa, ile anayofungiwa leo kabla ngozi haijavuka mpaka. Kwa hiyo karatasi inayomsumbua hapa bandani ina mguu mmoja Serengeti.

"Basi mnanidai au ninawadai?" akauliza.

Desemba 6

Baridi hasi kumi na nne. Friza ya kituo imewekwa nje ya kibanda cha mizani, jambo ambalo nalo ni mzaha, maana nje nako ni baridi karibu kama ndani yake. Mifuko, kadi za namba, bahasha za kaki. Ndoo ya kwanza imefika saa tatu asubuhi.

Desemba 13

Kosa langu, naliandika lote.

Kadi za namba nilizigawa pamoja na kalamu za wino. Zile za bei poa, boksi zima. Nimefungua mfuko wa mataya kumi na moja ya watu watatu tofauti: mafuta na damu vimekula wino wote. Kadi zimekuwa nyeupe kama zilivyotoka dukani. Nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nikizitazama.

Nimepiga simu jioni nzima. Mmoja alikuwa ameandika kwenye kalenda yake siku na uzito. Mwingine alikumbuka mmoja mwenye chonge iliyovunjika zamani. Tumepata wenyewe wa mataya manane. Matatu hayana mwenyewe na hayatakuwa naye. Yameingia daftarini kama "mahali hapajulikani".

Mama yule, nilipompigia kuomba radhi, hakunikaripia. Akasema tu: "Penseli, mwanangu. Penseli haiogopi mafuta." Kwa Kiingereza hakusema mwanangu, lakini ndivyo ilivyosikika.

Nimenunua penseli mia. Neno "penseli" sasa limo kwenye kanuni, kifungu cha nne.

Januari 10

Upasuaji wa pekani. Msaidizi wangu wa muda ni dada wa Bukavu anayesomea biolojia hapa. Vermont na majimbo ya jirani utakuta Wakongo na Warundi wengi waliopokelewa kama wakimbizi, na Kiswahili chetu kinagongana kwa raha. Alipofungua mfuko wa kwanza wa fisimaji akarudi hatua mbili. "Kaka, huyu amekula ziwa nzima."

Jinsia tunaihakikisha wenyewe. Fomu zinakosea, si kwa uongo, mzoga uliochunwa unachanganya. Dume mzima wa pekani ni karibu mara mbili ya jike kwa uzito, na juu ya fuvu lake husimama ukingo wa mfupa kama upanga.

Vipande vya ini tunaviweka pembeni kwa ajili ya kipimo cha sumu ya panya. Kwa jirani zetu wa Vermont na New Hampshire pekani waliopimwa, karibu wote, walikutwa nayo. Mnyama wa msituni! Panya hula kidonge ghalani, hafi siku hiyohiyo, hutoka, huliwa.

Nilimweleza haya mtegaji mmoja ambaye pia ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alipoleta mfuko wake wa mwisho. Hakusema kitu. Akageuka kulitazama gari lake, ambamo kulikuwa na ndoo ya buluu ya vidonge vya panya, mpya, haijafunguliwa. Sote wawili tuliiona.

Januari 12

Kidogo kuhusu Vermont tena, maana kila mtu hapa anaitaja. Pekani walikuwa wamekaribia kwisha huko. Misitu ilikuwa imefyekwa na mitego haikuwa na mwiko. Nungunungu wakajaa, wakala magome ya miti. Kati ya 1959 na 1967 serikali ya jimbo ikaleta pekani 124 kutoka Maine na kuwaachia. Na walikamatwaje hai huko Maine? Kwa mitego. Nilitaka kuiweka hii kwenye utangulizi wa kanuni. Mkuu kasema kanuni hazina utangulizi.

Februari 3

Mvutano wa mafuvu. Wako wategaji wanaouza fuvu la bobkati lililosafishwa, na fuvu lisilo na taya la chini halina bei. Wanaomba walete kichwa kizima, sisi tung'oe chonge moja kwa utaratibu, tuwarudishie. Ni kazi kwetu: kuchemsha kwa moto mdogo, kungoja, kung'oa bila kuvunja. Nimependekeza tukubali, kwa wanaoomba kabla ya msimu. Ofisini wamenuna. Nimewaambia bila hivyo tutaletewa mataya ya bobkati wabaya tu na wazuri watapotea njiani. Tunarudi palepale pa yule mama.

Februari 20

Meno yamekwenda maabara. Posta, bahasha kwenye boksi, orodha nakala mbili.

Machi 28

Rasimu ya tatu. Saa 48 zimekuwa siku 10 kwa mzoga au taya, mradi ngozi haiuzwi kabla ya lebo. Maafisa wenyewe ndio walioshangilia zaidi, nao hawajawahi kuulizwa. Kichwa kizima kimekubaliwa "pale nafasi ya kazi inaporuhusu", maneno ambayo siyapendi, ila ndiyo niliyoyapata. Kifungu cha mwisho, ambacho nimekipigania kuliko vyote: idara *itampelekea* kila mtegaji umri na jinsia ya kila mnyama aliyemwasilisha. Waliandika "inaweza kumpelekea". Nimerudisha. Wamebadilisha. Nimerudisha tena.

Juni 11

Majibu yamefika. Nimekaa siku nzima nikiandika barua, moja moja, jina, namba ya kadi, umri.

Nne za Mzee wa Bwawani nimempelekea mwenyewe. Amevaa miwani, amesimama mlangoni mwa banda. Wawili wa mwaka huohuo, mmoja wa miaka 2. Wa nne, jike la pekani, miaka 8. Akalisoma hilo mara ya pili. Akaenda ukutani, akashusha kalenda ya mwaka jana, akatafuta Desemba, akaweka kidole kwenye tarehe. "Huyu," akasema. "Kijito cha juu. Alikuwa na meno yamelika." Akaniomba penseli, akaandika 8 pembeni ya tarehe, akazungushia duara.

Kisha akaanza kufungua kalenda za miaka ya nyuma, moja baada ya nyingine, zote zina tarehe, hakuna iliyo na umri. Akauliza kama meno ya zamani bado yapo ofisini.

Nimeangalia leo mchana. Yapo, kwenye droo ya chini ya kabati la chuma, ndani ya bahasha za kaki. Mengine yameandikwa kwa wino.